Bangili nyingi, dhahabu moja: Wahindu wanamwimbia nani?

"Ninafanya kazi katika duka la vitambaa hapa Tanga, mali ya familia ya Kihindi. Mama mzazi wa tajiri wangu, ambaye sote dukani tunamwita Ba, hushuka kila asubuhi kabla hatujafungua milango, huwasha taa ya samli mbele ya picha tatu zilizotundikwa juu ya meza ya fedha, yaani Krishna mwenye filimbi, Ganesha mwenye kichwa cha tembo na Mama, yaani mungu wa kike, aliyeketi juu ya simbamarara, kisha huimba kwa Kigujarati. Wimbo mmoja huurudia kuliko nyingine zote, na ndani yake nasikia neno 'tu' likirudi kila baada ya maneno machache. Siku moja nilimuuliza, 'Ba, nyinyi mna miungu mingapi?' Akacheka, akanyanyua mkono wenye bangili, akasema: 'Mungu mmoja tu, mwanangu. Bangili nyingi, dhahabu moja.' Nilipolisimulia jambo hili nyumbani, kaka yangu alisema Ba amenipaka mafuta kwa mgongo wa chupa, maana kila mtu anajua kwamba Wahindu wana miungu milioni 330. Je, Ba alinieleza ukweli, au alitaka kunifurahisha kwa sababu mimi ni Muislamu? Ikiwa Mungu wao ni mmoja, picha tatu za nini? Na je, nafanya kosa kukaa pale nikisikiliza?"

Dada yangu, Ba hakukupaka mafuta. Maneno yale hakuyatunga asubuhi ile ili kumridhisha Muislamu. Mfano wa dhahabu umo katika maandiko yao tangu karne nyingi kabla ya Kristo, na umo pia katika wimbo ambao, kwa maelezo uliyonipa, naamini ndio huo anaouimba: wimbo wa Narsinh Mehta, mshairi wa karne ya 15 aliyeishi Junagadh, katika eneo la Saurashtra huko Gujarati. Kaka yako naye hakuiokota hesabu yake njiani, kwa kuwa hata Wahindu wenyewe huitaja. Tatizo ni kwamba watu hawa wawili wanatumia neno "Mungu" kwa maana mbili tofauti, na wewe uliyesimama katikati unaombwa uchague ni nani mwongo.

Nianze na lile neno dogo ulilolisikia. "Tu" ya Kigujarati, ambayo hutamkwa kwa kupitisha sauti kidogo puani, maana yake ni "wewe", tena ni wewe ya mtu wa karibu, ile ambayo mtoto humwambia mama yake. Wimbo unaanza hivi: akhil brahmandma ek tu Shri Hari, jujve rupe anant bhase, yaani, katika ulimwengu wote ni wewe mmoja, Ee Hari, unayeonekana kwa sura mbalimbali zisizo na mwisho. Hari ni jina mojawapo la Vishnu, ambaye Wahindu wengi humwabudu kwa umbo la Krishna. Baada ya hapo mshairi anaanza kuonyesha kwa kidole: upepo ni wewe, maji ni wewe, ardhi ni wewe, umekuwa mti ukachanua kuielekea mbingu. Ndiyo maana neno hilo hurudi mara kwa mara. Sikio la Mswahili likisikia "ek tu" na kuambiwa kwamba ek ni moja, litadhani limesikia "mmoja tu", na ni sadfa ninayoipenda sana kwamba tafsiri hiyo, ingawa si sahihi kwa kamusi, haiko mbali hata kidogo na makusudi ya mshairi.

Kabla sijafika kwenye dhahabu, niondoe makosa mawili yanayosumbua watu wengi wa kwetu. La kwanza ni dogo: Mhindi ni mtu wa asili ya India, na Mhindu ni mfuasi wa dini ya Kihindu. Wahindi wa Afrika Mashariki wako Waislamu wa madhehebu ya Ismailia, Bohora na Ithnaasheri, wako Wagoa ambao wengi wao ni Wakatoliki, na wako Masingasinga; kwa hiyo usije ukamuuliza kila mwenye duka habari za Krishna.

Kosa la pili ni kubwa zaidi, nalo linatokana na tafsiri. Katika Kisanskriti, lugha ya kale ya maandiko yao, kuna neno deva, lililotokana na mzizi wenye maana ya kung'aa. Deva ni mwenye nuru, mwenye nguvu juu ya jambo fulani, kama vile mvua, moto, upepo au alfajiri, na katika maandiko mengi deva huzaliwa, hukosea, huogopa na hufikia mwisho wa zamu yake. Kwa yule aliye juu ya yote wanayo majina mengine, kama vile Brahman, Parameshvara na Bhagavan. Sisi tunapotafsiri tunayatia majina yote hayo katika chungu kimoja kiitwacho "Mungu", kisha tunawashangaa Wahindu kwa kuwa na wengi. Naomba pia usichanganye Brahman, ambalo ni jina la ukweli wa juu kabisa, na Brahma, ambaye ni muumbaji mwenye vichwa vinne katika visa vyao, wala na Brahmini, ambaye ni mtu wa tabaka la makuhani. Majina hayo matatu yanafanana kwa sauti na yametofautiana kwa maana.

Swali lako wewe, "mna miungu mingapi?", limo katika Brihadaranyaka Upanishad, mojawapo ya Upanishadi (maandiko yao ya hekima) za kale kabisa, ambayo wasomi wengi huiweka karibu na karne ya 7 au ya 6 kabla ya Kristo. Wanazuoni wamekusanyika katika baraza la mfalme Janaka wa Videha, na mmoja wao aitwaye Shakalya anamsaili mwenzake Yajnavalkya: miungu ni mingapi? Yajnavalkya anajibu kwa hesabu iliyomo katika sala ya zamani: 303 na 3,003. Naam, anasema Shakalya, lakini hasa ni mingapi? Anajibiwa 33. Naam, lakini hasa ni mingapi? Sita. Swali linarudiwa vilevile, na hesabu inashuka: watatu, wawili, mmoja na nusu, na mwishowe mmoja. Yule wa mmoja na nusu ni upepo uvumao. Na huyo mmoja ni nani? Ni pumzi, anasema Yajnavalkya. Ni Brahman, nao humwita "lile". Angalia kwamba mzee yule hakumwambia mwenzake kuwa jibu la kwanza lilikuwa uongo. Kila hesabu ni sahihi kwa kina chake, na muulizaji ndiye anayeamua achimbe hadi wapi. Hesabu ya 33 ndiyo iliyodumu katika Veda, maandiko yao matakatifu ya msingi, na baadaye katika mapokeo ya watu ikawa koti 33, yaani milioni 330, idadi ambayo hakuna mtu aliyewahi kuiorodhesha kwa majina na ambayo huashiria tu kwamba nuru ya kimungu haina pahali isipofika. Wapo Wahindu wanaoeleza kwamba neno koti lina maana pia ya aina, na kwa hiyo zilizokusudiwa ni aina 33. Kwa vyovyote vile, kaka yako anazungumza juu ya deva na Ba anazungumza juu ya lile.

Sasa dhahabu. Katika ubeti mmoja wa wimbo wake Narsinh anasema kwamba Veda zenyewe zinashuhudia kuwa kati ya dhahabu na hereni hakuna tofauti. Baada ya kufuliwa, majina na maumbo huwa mbalimbali, lakini mwishowe dhahabu ni dhahabu: ante to hem nu hem hoye. Hem ni dhahabu. Mfano huu aliurithi kutoka Chandogya Upanishad, ambamo Uddalaka anamfundisha mwanawe Shvetaketu, kijana aliyerudi kutoka masomo ya miaka 12 akiwa amejaa majivuno. Baba anamwambia kwamba kwa kulijua donge moja la udongo vyote vilivyofinyangwa kwa udongo vimejulikana, na kwa kuijua dhahabu moja mapambo yote ya dhahabu yamejulikana, kwa kuwa tofauti yake ni jina linalotoka mdomoni. Kisha anamtuma akachume tunda la mti mkubwa wa jamii ya mtini, alipasue, aipasue na mbegu yake iliyo ndogo mno. Unaona nini ndani? Sioni kitu, baba. Katika hicho usichokiona, ndimo ulimosimama mti huu mkubwa. Na wewe, Shvetaketu, ndicho hicho. Zaidi ya miaka 2,000 baadaye Narsinh akaingiza mfano huo pia katika mstari mmoja wa Kigujarati cha kawaida kabisa: katika mti wewe ni mbegu, katika mbegu wewe ni mti.

Niliuelewa mfano wa dhahabu vizuri zaidi nje ya darasa. Niliwahi kuketi katika kibanda cha sonara (na neno hili lenyewe tumelipata kutoka lugha za India, ambako sona ni dhahabu) nikimsubiri anipunguzie pete, akaingia mama mmoja na kifundo cha leso. Ndani yake mlikuwa na hereni moja ambayo mwenzake ilipotea, kipini cha pua, na vipande vya mkufu uliokatika. Sonara hakutazama nakshi hata kidogo. Alivimimina vyote katika kisahani cha mizani, akasoma uzito, akavitia katika chungu kidogo cheusi kisichozidi ukubwa wa kikombe cha kahawa, akakielekezea moto. Kipini kililegea kwanza, kisha vipande vya mkufu vikashikana, hereni ikabaki imesimama kwa muda kana kwamba inakataa, na mara vyote vikawa tone moja linalotetemeka. Kwa mizani yake havikuwahi kuwa vitu vitatu. Lakini yule mama hakurudi nyumbani na tone. Aliagiza bangili, kwa sababu dhahabu isiyo na umbo haivaliki.

Nimekusimulia hayo kwa kuwa picha zako tatu zimo humo. Mshairi wa Kihindu akisema kwamba mwisho wa yote ni dhahabu, hasemi kwamba bangili ni upuuzi. Binadamu hana mkono wa kushikia kisicho na umbo, na jambo hili limeelezwa kwa ushairi wenye nguvu katika Bhagavad Gita, yenye beti 700, ambayo ni sehemu ya utenzi mrefu wa Mahabharata. Wewe uliyesoma tenzi shuleni utapenda kujua kwamba ubeti wake wa kawaida, uitwao shloka, una vipande vinne vya mizani nane nane, jumla 32, sawasawa na ubeti wa utenzi wa Kiswahili, ila wao hawafungi vina kama sisi. Katika sura ya 11 shujaa Arjuna anamwomba Krishna, rafiki yake na mwendesha gari lake la vita, amwonyeshe sura yake halisi. Anaonyeshwa. Anaona ulimwengu wote umekusanyika katika mwili mmoja, vinywa na macho yasiyohesabika, mng'ao kama wa jua elfu zilizochomoza mara moja, na Arjuna anapofungua kinywa kusema alichokiona, bahari ya ushairi inabadilika kutoka mizani nane kwenda 11, mistari ikarefuka kama pumzi ya mtu anayehema. Anachosema baada ya hofu hiyo ndicho kinachonigusa kila mara: anaomba radhi. Nilikuita ewe Krishna, ewe mwenzangu, tulipokuwa tukicheza, tukipumzika, tukila, kwa kutojua ukuu wako. Nisamehe kama baba amsamehevyo mwana, na kama rafiki amsamehevyo rafiki. Kisha anamsihi arudie umbo lake la upole analolijua, naye anarudi. Filimbi ya Krishna iliyoko katika picha ya Ba ni sehemu ya upole huo.

Washairi wa baadaye walilishughulikia jambo hili waziwazi, nao waligawanyika. Kiswahili kinatusaidia kuuona mgawanyiko huo kuliko lugha nyingi, kwa kuwa yeye yetu haina uume wala uke, lakini inatulazimisha tuamue kama tunayemtaja ni nafsi au ni kitu: tuseme yeye au tuseme hilo? Upanishadi husema "lile", na zikitakiwa zilieleze hujibu neti neti, si hili, si hili. Huko ndiko kuliko Brahman isiyo na sifa, nirguna, isiyozungumzika. Kabir, mfumaji wa Varanasi wa karne ya 15 aliyelelewa katika familia ya Waislamu, aliegemea huko. Alimwita Mungu Ram bila kukusudia mfalme yeyote wa visa, akawakemea kwa usawa wanaoinamia mawe na wanaojivunia elimu ya vitabu. Upande wa pili ni wale wanaosema yeye, au tuseme wanasema wewe, kwa Mungu mwenye sifa, saguna, ambaye ana sura, mapenzi na historia. Surdas, mshairi wa karne ya 16 ambaye mapokeo yanasema alikuwa kipofu, alieleza kwa nini alichagua upande huu, na maelezo yake ni ya unyenyekevu mkubwa: hali ya yule asiyedhihirika haielezeki, ni kama bubu aliyekula tunda tamu, utamu anaujua moyoni na hawezi kuusema, akili haimfikii kwa njia yoyote, na kwa hiyo Sur anaimba michezo ya yule mwenye sifa. Tulsidas, aliyeanza kuandika Ramcharitmanas, utenzi wa kisa cha Rama, mwaka 1574 mjini Ayodhya, alikataa kabisa kuchagua. Asiye na sifa anawezaje kuwa na sifa? Kama vile maji, barafu na mvua ya mawe visivyo vitu tofauti, akajibu.

Narsinh yuko wapi kati yao? Yuko kote kuwili katika wimbo mmoja, na hilo ndilo linalonifanya niupende. Fikra zake ni za "lile", dhahabu moja isiyobadilika. Sarufi yake yote ni ya "wewe". Katika mstari wa mwisho anataja jina lake, kama washairi wetu wanavyojitaja katika beti za tamati, na kusema: Narsaiyo anena, haya ni ya mtafuto wa akili, mimi napenda, na kwa upendo atadhihirika. Mtu aliyetoka kuthibitisha kwa hoja kwamba kila kitu ni kimoja anamaliza kwa kusema kwamba hoja si njia aliyopitia.

Nisikufiche kwamba Wahindu hawakubaliani juu ya maana ya umoja huu, na ukiwauliza wawili unaweza kupata majibu matatu. Kwa Shankara, mwanafalsafa wa karne ya 8, Brahman peke yake ndiyo kweli isiyopita, na utengano tunaouona ni jina na umbo, kama sonara alivyoona. Kwa Ramanuja, wa karne ya 11 na ya 12, ulimwengu na roho ni vitu vya kweli kabisa, navyo ni mwili wa Mungu. Madhva, wa karne ya 13, alisema kwamba Mungu na roho ni viwili milele, na angeukataa mfano wa dhahabu unapotumiwa kuvifanya kitu kimoja. Vallabha, ambaye wafuasi wake ni wengi miongoni mwa Wagujarati, aliupenda mfano huo kwa sababu yake mwenyewe: dhahabu ikiwa bangili haijaharibika wala haijapungua, basi Mungu naye amekuwa ulimwengu bila kupungukiwa. Wapo pia washairi walioukubali umoja lakini hawakutaka kuyeyukia ndani yake. Ramprasad Sen wa Bengali, wa karne ya 18, aliyemwimbia Mungu kama Mama kwa jina la Kali, alisema kwamba hataki kuwa sukari, anapenda kuila.

Ubishi mwingine ni juu ya nani hasa ndiye huyo wa juu kabisa. Narsinh anamwita Hari. Watakatifu wa Kitamil, wa kusini mwa India, walioitwa Nayanar, ambao mapokeo huwahesabu 63, waliimba kwamba ni Shiva, huku Alvar 12 wa nchi hiyohiyo wakiimba kwamba ni Vishnu, na maneno yao hayakuwa ya upole sikuzote. Waabudu wa Mama wana Devi Mahatmya, andiko la kumsifu, ambalo husomwa katika siku tisa za sikukuu ya Navaratri. Humo jitu Shumbha linamdhihaki Mama kwamba anapigana kwa nguvu za wenzake, kwa kuwa amezungukwa na jeshi la miungu wa kike. Anajibu: niko peke yangu katika ulimwengu huu, ni nani wa pili zaidi yangu? Na wale wote wanaingia mwilini mwake, akabaki peke yake. Kwa hiyo Mama wa picha ya tatu, kwa baadhi ya majirani wa Ba, siye msaidizi wa Krishna. Ndiye dhahabu yenyewe, na Krishna ni bangili. Ganesha, mwondoa vikwazo, huombwa kabla ya kuanza shughuli yoyote, na ndiyo sababu humkosi karibu na meza ya fedha. Wengi huishi na picha hizi zote bila kuona mgongano, wakiwa na mmoja waliyemchagua moyoni kuwa wao.

Sitaki pia udhani kwamba kila Mhindu anayewasha taa anafikiri mambo ya Uddalaka. Yupo anayeomba biashara itoke, mtoto apone, mkopo ulipike, na anamwomba Ganesha kama Ganesha, basi. Na Mungu mmoja wa Ba si tauhidi unayoifahamu wewe: katika itikadi yako Muumba na viumbe havichanganyiki, ilhali katika wimbo wake upepo na maji ni "wewe". Yeye alikuambia ukweli wake, na ukweli huo una neno "mmoja" ndani yake, lakini usiruke kutoka hapo hadi kusema kwamba dini zote mbili zinasema jambo lilelile. Ukisema hivyo utakuwa umemnyima Ba haki yake na wewe umejinyima yako.

Utafutaji wako una mtangulizi katika historia ya Uislamu. Al-Biruni, mwanazuoni wa Kiislamu aliyejifunza Kisanskriti na kuandika kitabu chake juu ya India kwenye mwaka 1030, anaandika kwamba Wahindu humwamini Mungu kuwa mmoja, wa milele, asiye na mwanzo wala mwisho, kisha anatenganisha kwa uangalifu imani ya wasomi wao na ya watu wa kawaida, na hakusita kueleza mahali alipotofautiana nao. Dara Shikoh, mwana wa mfalme wa ukoo wa Wamughal uliotawala India, alisimamia tafsiri ya Upanishadi 50 kwa Kiajemi, iliyokamilika mwaka 1657. Wote wawili walisikiliza hadi mwisho kabla ya kutoa hukumu.

Kuhusu kosa, nitakujibu kwa mipaka ya kazi yangu. Mimi ni mtu wa fasihi ya dini, si mufti. Naweza kukueleza wimbo unasema nini; hukumu ya kuketi pale wakati wa ibada, au ya kula peremende na matunda yanayogawiwa baada ya kutolewa mbele ya picha, ni ya sheikh unayemwamini, na afadhali umwendee ana kwa ana kwa sababu atataka kujua unafanya nini hasa: unasubiri milango ifunguliwe, au unashiriki? Mweleze kama ulivyonieleza mimi, tena umtajie kwamba upo pale kwa ajili ya riziki yako. Akikushauri usubiri kibarazani mpaka taa imalizike, Ba ni mtu mzima aliyeishi na majirani Waislamu maisha yake yote, na ukimwambia kwa adabu ataelewa.

Kuhusu wimbo wenyewe, mwalimu wako yuko dukani. Nimekisia jina la mshairi kwa dalili ulizonipa, na nyimbo za asubuhi za Kigujarati ni nyingi, kwa hiyo muulize kwanza kama ni wa Narsinh Mehta. Baada ya kufunga duka, saa ambayo si ya ibada, mwombe akusomee maneno pole pole bila kuimba, akufasirie mstari kwa mstari. Sikiliza kama utalisikia neno hem likija mara mbili kwa kukaribiana, kisha muulize swali ambalo vitabu vyangu haviwezi kulijibu kwa niaba yake: anapofika kwenye "tu", anamwona nani?